Sultana Nurulaini na Papai Lililoiva

Wapokezi wa habari za kale wamesimulia, na aliyenipokeza mimi hakuwa mtu wa kupunguza chumvi, ya kwamba katika mji wa Darihani, mji wenye kuta nyeupe na misikiti ya vigae vya samawati, alitawala Sultani Mundhiri bin Shamlani, mtu mwenye hazina na majeshi na farasi wasiohesabika, na pamoja na neema zote hizo hakuwa na mtoto. Alikuwa na mke mmoja, Sultana Nurulaini, naye alimpenda kiasi cha kuwakera mawaziri, maana kila waliposhauri aoe wa pili alijifanya hasikii na kuuliza hali ya farasi. Sultana alikuwa amekwisha kupata mimba mara mbili, na mara zote mbili ikaharibika, na sasa alikuwa na mimba nyingine, na kasri nzima ilinyata na kunong'ona, na hata wapiga ngoma wa mlangoni waliamriwa kufunga ngoma zao vitambaa.

Na Sultani huyo alikuwa na pete ya akiki aliyoirithi kwa babu yake, na ndani ya pete hiyo amefungwa jini jina lake Harkushi. Babu mtu alimkamata kwa hila, na akamfunga kwa masharti ambayo wote wawili waliyaapia: jini atatii amri tatu katika kila mwezi mwandamo, atatii neno kama lilivyotamkwa, bila kuongeza wala kupunguza, na akiulizwa hatasema uongo. Atamtumikia kila mwenye damu ya nyumba ile, na siku damu hiyo itakapokatika duniani, au mwenye pete amwache kwa hiari yake, atakuwa huru. Sasa fikiri mwenyewe. Damu ile ilikuwa imebaki kwa Sultani Mundhiri peke yake, na kwa kiumbe kile kilichokuwa tumboni mwa Nurulaini, na Harkushi alikuwa akiinama mbele ya kiti cha enzi kila siku huku akihesabu roho za watu.

Mimba ilipoanza kuonekana, Sultana akaugua. Nisamehewe, lakini habari ya papai haielezeki bila kutaja choo, na choo cha Sultana kilifunga. Ilikuwa ni mwaka wa ukame, na matunda ya bustani yalikuwa bado hayajaja, na tende alizitapika, na kilichopita kooni mwake kilikuwa nyama choma na mkate mkavu, basi tumbo likawa gumu, na hamu ya chakula ikamwondoka, na uso ukapauka, na akawa hawezi kushuka ngazi bila kushikwa mkono. Sultani alipomwona hivyo aliingiwa na hofu ambayo hakuweza kuificha. Alikuwa anaijua hali ile, kwa maana ndivyo ilivyoanza mara zile mbili za kwanza.

Akaitwa Tabibu Kuwaisi, mzee mwembamba aliyezoea kusema kweli hata pale ambapo uongo ungemletea zawadi. Akamtazama Sultana ulimi na kucha na macho, akamwuliza maswali ambayo Sultani aliona haya kuyasikia, kisha akatoka barazani akasema:

"Maulana, huu si uchawi wala si jicho la mtu. Tumbo la Bibi limefunga, na kujikamua kila siku kunamchosha, na kutokula kunamtoa nguvu yeye na mtoto. Dawa kali ya kuharisha siwezi kumpa, kwani itamtikisa. Anataka maji mengi, na tunda la kulainisha, na sijui tunda lililo pole kwa tumbo kuliko papai. Linalainisha choo, linarudisha hamu ya kula, lina faida kwa macho na kwa ngozi. Sisemi kuwa ni dawa ya kila kitu, maana tunda hilo halipo. Lakini kwa hili linatosha, ila kuna sharti moja..."

Sultani hakungoja sharti. Mipapai ya Darihani ilikuwa imekufa yote kwa ugonjwa wa miti zamani za baba yake, na mashamba ya karibu yalikuwa katika nchi aliyotoka Sultana, nyuma ya milima, ambako papai likipakiwa kapuni lingefika mjini limekwisha oza. Kwa hiyo pale pale akaisugua pete na kusema, "Niletee papai."

Harkushi akatokea kwa umbo lake la siku zote, mtu mrefu mwenye macho ya makaa, akainama, akatoweka, na kabla Sultani hajashusha mkono akarudi na papai kubwa, la kijani, gumu, na kikonyoni linatoka maziwa meupe. Sultani akalipokea kwa mikono yake mwenyewe, na maziwa yale yakamchuruzikia vifundoni, akakimbilia chumbani kwa mkewe huku akiitisha kisu. Tabibu Kuwaisi naye akakimbia, na watu wa Darihani hawakuwa wamewahi kumwona akikimbia, kilemba chake kikaanguka, akamfikia Sultani mlangoni na kumshika joho, jambo ambalo siku nyingine lingemgharimu shingo.

"Maulana, hili bichi," akasema akihema. "Hili ndilo sharti nililotaka kusema. Utomvu huu mweupe ndio wapishi wa zamani walioutumia kulainisha nyama ya ng'ombe mzee. Papai bichi haliliwi na mwenye mimba, wala lile lililokomaa likawa bado halijaiva, kwa sababu utomvu wake huweza kulikaza tumbo la uzazi kabla ya wakati. Ungempa hili, huenda leo tungekuwa tunalia."

Sultani akaliachia papai likabingirika sakafuni. Akamgeukia jini, na jini akainama kwa adabu na kusema kwamba Maulana alisema papai, na hilo ni papai. Jioni ile vifundo vya Sultani vikamwasha na kutoka malengelenge, na tabibu akamwosha kwa maji mengi, akamwambia wako watu ambao miili yao haipatani na utomvu ule hata kwa kuugusa, na yeye ni mmojawao. Sultani akajikuna usiku kucha, na huo ndio usiku aliokubali kwamba mtumishi wake anataka kumwua mwanawe.

Asubuhi akaketi mbele ya baraza lote, na Waziri Shahabu kuliani kwake na tabibu kushotoni, akalitafakari neno lake hata akaridhika nalo, ndipo akaisugua pete na kutamka polepole, kama mtu anayehesabu vyombo vya udongo:

"Niletee papai lililoiva."

Tabibu akatikisa kichwa kukubali, na waziri akatikisa kichwa, na mimi ningekuwapo ningetikisa changu. Harkushi akainama zaidi ya desturi yake, na safari hii akakawia kidogo, akarudi na bakuli la kauri lenye kifuniko. Sultani akalifunua, na ndani mkawa na vipande vya rangi ya dhahabu, laini, vinavyong'aa, vinanukia iliki. Akauliza kwa nini limekatwa. Jini akajibu kwamba ameona amwondolee Maulana taabu ya kisu, na hilo, msomaji wangu, lilikuwa kweli tupu.

Tabibu akaliinamia bakuli kwa macho yake ya kizee, akaona umanjano, akaona ulaini, akasema ni jema. Bakuli likapelekwa kwa Sultana, na Sultana, ambaye siku nyingi hakutaka hata kusikia harufu ya chakula, akaona mate yamemjaa kinywani. Akachukua kijiko. Sultani akasimama kando ya kitanda akimwangalia kwa furaha ya mtoto. Kijiko kikafika mdomoni, kikagusa mdomo, kikasimama hapo.

"Bwana wangu," akasema Sultana, "papai hili lina moto."

Akakirudisha kijiko bakulini, akamwomba mumewe amwulize jini alilifanya nini papai lile. Sultani akauliza, na Harkushi, ambaye hakuwa na ruhusa ya kusema uongo, akajibu akiangalia dari:

"Nilichuma bichi. Nikalimenya, nikalitia sukari na iliki na zafarani, nikaliweka jikoni hata likaiva. Kwa nje limeiva sana, Maulana. Kwa ndani sikulipa muda."

Sultani akalipiga bakuli teke likapasukia ukutani. Nami hapa nakasirika kila ninapoisimulia, maana ndipo lugha yetu hii tamu ilipotaka kumwua mtoto wa watu. Wali unaiva, embe linaiva, jipu linaiva, na sote tunaelewana kwa sababu tunatakiana heri. Ukimweka katikati mtu asiyekutakia heri, basi neno la jikoni analipeleka shambani na la shambani analileta jikoni, na anaweza kula kiapo kwamba ametii.

Ikabaki amri moja, na mwezi ulikuwa bado mchanga. Siku ya pili yake Sultana alishikwa na maumivu ya tumbo, yakaja na kwenda, na tabibu alipotoka chumbani hakuweza kumwangalia Sultani usoni. Akasema maumivu hayo bado ni ya choo, wala si ya uzazi, lakini mwili unaodhoofika hivi hauwezi kungoja mwezi mpya uandame. Sultani akawaza kutuma wapanda farasi wavuke milima, na hao wasingerudi kwa wakati. Hapakuwa na njia nyingine ila pete.

Basi waziri na tabibu wakaketi kulitunga neno la mwisho, na Harkushi akasimama mlangoni akisikiliza. Waziri Shahabu akaanza kwa fahari, akasema iandikwe papai la manjano. Tabibu akakataa, akasema jani la manjano linaweza kuwa limeugua, na papai vile vile. Waziri akasema papai laini. Tabibu akasema lililooza ni laini zaidi. Waziri akasema papai tamu, na tabibu akamkumbusha bakuli la sukari. Waziri akafuta jasho akasema papai bivu, lisilopikwa, lililoivia mtini, la manjano nje na jekundu ndani, na kila mtu akaona hapo amefika, mpaka Sultani alipoona jini anatabasamu. Kwa nini anatabasamu? Wakaligeuza neno lile juu chini na hawakuiona tundu, na kutoiona ndiko kulikowatisha kuliko kuiona. Sultani akainua mkono wenye pete, akaushusha, akauinua tena, na hakuthubutu.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia, dhaifu, ya Sultana, ikisema, "Bwana wangu, nipe mimi pete."

Sultani akaingia, akaketi kando yake, akamwambia kwa huruma kwamba pete haisikii ila damu ya nyumba yao.

"Na huyu niliyembeba," akauliza Sultana, "ni damu ya nani?"

Kule mlangoni tabasamu la Harkushi likatoweka. Sultani akaliona hilo, na ndilo lililomshawishi, akaivua pete ambayo tangu babu yake haikuwahi kuvaliwa na mwanamke, akamvisha mkewe kidoleni, na ikamlegea kwa vile alivyokonda. Sultana akaisugua, na jini akaja, akapiga magoti pasipo kupenda.

Ni lazima mjue kwamba Nurulaini hakuzaliwa kasrini. Baba yake alikuwa na mashamba ya mipapai, na kazi yake utotoni ilikuwa kufukuza ndege kwa kombeo, na ndege wale walimpiga chenga kila siku, maana walijua papai la kuchuma kabla baba yake hajalijua. Akamwambia jini maneno haya, kwa sauti isiyo na fahari yoyote:

"Nenda kwenye shamba la mipapai, ukae chini, usiguse mti. Ngoja ndege mwenye njaa aje kwa hiari yake, usimtume wala usimwite, achague mwenyewe papai la kula. Akitua juu yake, na kabla hajaligusa kwa mdomo, lichume hilo uniletee kama lilivyo."

Harkushi hakuondoka mara ile. Alilipitia neno kutoka mwanzo hata mwisho, na midomo yake ilikuwa inatembea. Akarudi mwanzo akalipitia tena. Kisha akainama na kutoweka.

Na safari hii hakurudi upesi. Jua likapanda, adhuhuri ikaadhiniwa, watu wakasali na kurudi, na jini hayupo. Sultani akatembea barazani hata zulia likakunjika, akiamini kwamba tundu imepatikana na kwamba yeye, kwa mkono wake, amempa adui neno la mwisho. Chumbani maumivu yakamrudia Sultana, akauma kitambaa asisikike. Tabibu akamnywesha maji kidogo kidogo na kumsomea. Alasiri ilipoingia, moshi ukatanda mlangoni, na Harkushi akasimama pale ana majani nywelini, na begani ana kinyesi cha ndege, na mkononi ameshika papai moja, la manjano lenye kijani kidogo kikonyoni.

"Walikuja wengi," akasema kwa hasira, "na kila mmoja alitaka lile lile."

Tabibu akalibonyeza kwa kidole likabonyea bila kidole kuzama, akalinusa, akaamuru lioshwe vizuri ijapokuwa ndege hajaligusa, akalikata mwenyewe, na hapakutoka hata tone la maziwa. Akalimenya ganda, akakomba mbegu zote akaziweka kando, akakata vipande katika sahani, akasema leo Bibi atakula vichache tu, kwa sababu hata kilicho kizuri kikizidi kinaharisha, na kuharisha ndiko tunakokukimbia. Sahani ikawekwa mbele ya Sultana.

Harkushi akaliangalia tumbo la Sultana, akasema taratibu, "Nimetii. Mwezi ukiandama nitasikia tena, na mwezi mwingine, na mwingine. Nyinyi mna maneno mengi ya kusema, na mimi nahitaji mkosee mara moja."

Sultana hakugusa sahani. Akaanza kuivua pete, na Sultani akaelewa anataka kufanya nini, akamshika mkono akamsihi, akasema jini huyu amefungwa na bado karibu atuue, akifunguliwa itakuwaje. Waziri naye akalala kifudifudi akiomba asifanye.

"Bwana wangu," akasema Sultana, "huyu anatuombea mauti kila siku, nasi ndiye tunayemtuma atuletee chakula. Mwanangu atazaliwa humu, atasema maneno ya kitoto kabla ya kujua maana yake. Nani atakayemchungia maneno yake?"

Sultani akauachia mkono wake. Sultana akaiweka pete juu ya zulia akasema, "Harkushi, nimekuacha huru kwa ajili ya Mwenyezi Mungu," na akiki ikapasuka.

Jini akakua. Akajaa chumba, kichwa chake kikagusa nakshi za dari, na joto likawa kali hata mapazia yakaanza kunuka moto, na walinzi wakakimbia, na Sultani akajitupa mbele ya mkewe na kumkinga kwa mwili wake. Macho ya makaa yakawaangalia kutoka juu, yakawaangalia muda mrefu, na hakuna pete wala kiapo wala neno lililobaki la kumzuia. Na Sultana Nurulaini akafanya jambo ambalo mama yake alimfundisha kulifanya kila sahani inapowekwa na mtu amesimama. Akaisogeza sahani.

"Karibu," akasema. "Karibu tule."

Vizazi vitatu Harkushi alikuwa ameleta katika nyumba ile biriani na sharubati na matunda ya peponi, na katika vizazi vitatu hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo. Alisimama kama mtu asiyesikia vizuri. Joto likapungua, na umbo likapungua, hata akawa mtu mrefu mwenye majani nywelini, na mtu huyo akaketi kwenye zulia kwa aibu, hajui miguu yake aikunje vipi. Akachukua kipande kimoja, kidogo kuliko vyote, akakitia kinywani, na machozi yakamtoka. Akasema, "Ni tamu," na Sultana naye akala.

Aliyekula nawe sahani moja hakudhuru, na hiyo ni sheria ya majini kama ilivyo ya watu. Harkushi akaaga kwa heshima akaenda kwao, na hakuonekana tena. Sultana alikula papai siku ile na kesho yake, kidogo kidogo, na mtumishi mmoja alitumwa milimani kuuliza jinsi ya kuzipanda mbegu zilizowekwa kando, na tumbo likafunguka, na hamu ya chakula ikarudi, na miezi ilipotimia akajifungua salama binti mwenye mapafu ya mwadhini, wakamwita Thamara. Sultani akalia mbele ya watu na hakujali.

Mbegu zile zikapandwa, na Darihani ikarudi kuwa mji wa mipapai na kutajirika kwa biashara yake. Tabibu Kuwaisi akawa akisimama sokoni kuwaonya watu, kwamba mwenye kuwashwa na utomvu asichume kwa mkono mtupu, na anayekunywa dawa ya kuifanya damu iwe nyepesi amwulize tabibu kwanza, na mwenye mimba alikwepe bichi. Waziri Shahabu alisikiliza mawaidha hayo yote, akala papai zima peke yake, na mchana kutwa baraza likamtafuta. Na mpaka leo watu wa mji ule hawasemi papai lililoiva, wanasema papai la ndege, na mgeni akicheka humsimulia sababu.

Na kwa kuwa najua hamtainuka bila harusi, Thamara alipokua aliolewa na mwana wa mfalme wa nchi ya milima, karamu ikaliwa mpaka watu wakachoka kutafuna. Hii ndiyo habari kama nilivyoipokea, nami nimeifikisha. Aliye na mimba amwulize tabibu wake kabla ya kula, na aliye na mtumishi nyumbani amkaribishe sahanini.